Neno Lililosubiri Ngoma

Timbwani, Likoni
8 Machi 1987

Mwanangu Mwanabibi,

Salamu za huku ni nyingi, na nyingine ni za kweli. Babako mzima. Yuala, yualala, na redio yuaigombeza kama kawaida yake. Barua yako ya habari ya posa ilifika Ijumaa. Amenituma nikujibu mimi kwa kuwa alijikwaa kizingitini akaumia mkono wa kuandikia. Si jambo kubwa. Mkono ni mkono tu.

Kuhusu huyo kijana Garama, mwana wa Maalim Mwinyihaji: babako amekubali. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka, ameketi kitini, mkono kifuani: "Binti ni amana. Mwenye amana hamwulizi mtu kama amekuja na farasi au na kandambili. Humwuliza kama ana moyo wa kuitunza." Niliguswa, wallahi.

Basi omba ruhusa huko hospitali kwenu mapema. Maalim ataka harusi iwe baada ya Idi, Jumamosi ya tarehe ishirini Juni.

Ami yako,
Mwidani


Nairobi
17 Machi 1987

Ami Mwidani, shikamoo.

Maneno ya farasi na kandambili ni mazuri. Yalikuwa mazuri pia mwaka wa sabini na nane, baba alipoyasema ukumbini Likoni katika mchezo wenu wa "Posa ya Saba", onyesho la tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimekaa juu ya ndoo miguuni pako, nakumulikia kitabu kwa tochi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Ulidhani nimelala?

Ami, kazi yako katika kikundi ilikuwa kumnong'onezea mwigizaji neno alilolisahau. Haikuwa kumsemea. Na baba hajawahi kumwachia mtu barua yangu aijibu, hata alipokuwa na homa ya kutetemesha kitanda. Niambie mkono wenyewe ni upi. Kama ni wa kulia, niambie na mdomo umekaaje. Mimi nauguza katika wodi ya wagonjwa wa kichwa. Watu waliojikwaa kizingitini nawapokea kila wiki.

Na jingine. Baba hajampa Maalim mkono kwa miaka tisa, tangu Maalim alipomkata lile neno la mwisho wa mchezo. Leo amempa binti? Kwa kandambili?

Mwanao,
Mwanabibi


Timbwani
26 Machi 1987

Mwanangu,

Umenishika. Mtu akikaa miaka yote nyuma ya pazia hudhani haonekani.

Ni mkono wa kulia, na mguu wake, na mdomo umeshuka upande huohuo. Ilikuwa tarehe mbili Februari, asubuhi, yuanyoa ndevu. Wembe ulianguka, naye akabaki akiutazama kana kwamba wembe ndio wenye makosa. Hospitali walimweka siku kumi na moja, wakasema ni kiharusi. Alirudi nyumbani na maneno mawili tu: "naam" na "basi". "Naam" ndilo la kazi zote. Ukimwuliza kama ataka chai, naam. Ukimletea, aisukuma: naam. Kalama, yule mpiga ngoma wetu, alikuja kumjulia hali.

"Boga, wanijua mimi?"

"Naam."

"Mimi si ndiye mkeo?"

"Naam."

Kalama akasema ataleta mizigo yake Jumatatu.

Nilipochukua kalamu nikuandikie habari hii, babako alinishika shati kwa mkono mzima, akanivuta hadi kifungo kikatoka. Hakutaka ujue. Hilo ndilo jambo pekee ambalo nina hakika alilisema.

Sasa sikiliza. Alasiri moja niliingia na samaki mkononi, nikasema kwa utani maneno ya yule mtumishi wa mchezoni: "Bwana, posa ya saba imefika mlangoni." Babako akanyooka. Nasema akanyooka! "Saba? Sita zilikuja na farasi. Hii imekuja na nini?" Sauti ileile, herufi hata moja haikupotea njiani. Tukaenda hivyo kurasa nne, mimi mtumishi, yeye tajiri. Nikajua amepona. Nikamwambia, Boga, wataka maji? "Naam basi naam." Na machozi yakamtoka.

Pale stoo ninapofanya kazi Changamwe, vipuri huja vimefungwa kwa karatasi za ng'ambo. Mwaka juzi nilipata nusu ya jarida la Kiingereza lenye habari za ubongo, nikalisoma kwa kamusi. Linasema kichwa kina vyumba, na kila chumba na kazi yake. Kwa hivyo ubongo naujua hadi ukurasa wa arobaini, mahali bwana mmoja yuafunguliwa fuvu. Hadi leo sijui kama walimfunga.

Ama posa: nilimsomea barua yako akasema "naam". Thamani ya naam yake waijua sasa. Yaliyobaki niliyatia mimi. Nisamehe.

Ami yako,
Mwidani


Nairobi
6 Aprili 1987

Ami,

Nimekusamehe kwa sababu niko mbali na siwezi kukupiga.

Nilimpelekea barua yako Dakta Mwikali, mkuu wa wodi yetu. Aliisoma mara mbili. Anasema maneno hayatoki kichwani kwa njia moja. Kuna maneno mtu anayoyatunga sasa hivi, na kuna yaliyozama kwa kurudiwarudiwa: sala, kuhesabu moja hadi kumi, matusi, nyimbo za utotoni. Kwa baba njia ya kutunga ndiyo imevunjika. Ile nyingine ni kama reli: garimoshi linapita vizuri, lakini haliwezi kukata kona kwenda dukani. Ndiyo maana anajibu posa vizuri na hawezi kuomba maji.

Nikamwuliza: na mwigizaji je? Akasema angependa sana kuonana na baba. Kazi ya mwigizaji ni kusema maneno ya reli kama kwamba anayatunga papo hapo. Maneno ya aina hiyo hukaa chumba gani, hata yeye hajui.

Lakini kuna jambo alilonifundisha, nami nakuomba ulifanye kwa uangalifu. Mwambie baba atabasamu. Utaona kushoto kunapanda, kulia kumelala. Kisha mchekeshe kwelikweli. Kwa wagonjwa wengi wa namna yake, uso unapanda pande zote mbili, kana kwamba haujawahi kuugua. Tabasamu la kuamrishwa na tabasamu la moyo hayapiti njia moja. Kwa hivyo naam yake ni ya wote, lakini upande wake wa kulia ni wa kweli. Kaa upande huo. Mtajie Garama. Mtajie Maalim. Uniandikie ulichokiona, si ulichokitunga.

Najua watasema awekwe wakala wa kuoza kwa niaba yake. Sitaki. Baba ndiye aliyenilea tangu mama kufa, na sina mwingine. Sitaki kuozwa na karatasi, wala na kasuku. Kama moyo wake haumtaki Garama, siolewi naye, na nampenda. Nimemwambia hivyo Garama kwa simu. Aliniuliza kama nimekula. Unaona mtu mwenyewe alivyo?

Mwanao,
Mwanabibi


Timbwani
19 Aprili 1987

Mwanangu,

Nimefanya kama ulivyonituma, na nilichokiona nisingependa kukitunga.

Nilimwambia atabasamu. Kushoto kukapanda, kulia kukabaki chini kama pazia lililokatika kamba. Kisha nikamkumbusha siku tuliyocheza kule Magongo, Kalama alipoiketia ngoma yake mwenyewe, ngozi ikapasuka, akazama hadi kiunoni, na bado akataka kusujudia hadhira. Uso wa babako ulipanda wote, mwanangu. Wote. Nilimwona Boga wa zamani kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Nikamtajia Garama. Kushoto kulipanda kidogo, kwa adabu. Kulia hakukutikisika.

Nikamtajia Maalim Mwinyihaji. Hata kushoto kulishuka.

Huenda ulikuwa mdogo kuzifahamu habari zile vizuri. Mwisho wa mchezo, yule tajiri humshika kijana maskini mkono na kusema: "Mbele ya Mola na mbele ya watu hawa, mimi baba yake, nimekuoza mwanangu." Ndiyo sentensi aliyoipenda kuliko zote. Basi Maalim akaja kwenye mazoezi, akasimama na bakora yake katikati ya ukumbi. "Ndoa haina mzaha. Mtu akitamka kwa kucheka, ametamka. Mwataka kuwaozesha watoto wa watu kwa tiketi?" Tukalikata neno. Babako akawa akisema "mimi baba yake, nime—", Kalama akipiga ngoma dum! na pazia likianguka. Tulicheza mara arobaini na moja. Na mara zote arobaini na moja, baada ya ngoma, babako alinigeukia mimi gizani: "Nimekuoza, Mwidani! Lete sigara." Hapo wewe na tochi yako mlikuwa mkicheka hadi mwanga ukitetemeka. Lakini yeye hakuwa akicheka sana. Neno lililokatwa kinywani kwa mwigizaji ni kama kidole.

Jana nilimjaribu kwa maneno hayo ya mwisho. Nilifikiri kama atayasema hapa, atayasema na siku ya harusi. Akaenda vizuri, "mimi baba yake, nime—", akakwama. Nikamnong'onezea: "kuoza". Akanitazama kwa hasira, vilevile alivyokuwa akinitazama zamani nikimpa neno ambalo hakulisahau. Tumerudia mara sita. Mara sita amekwama hapo hapo.

Maalim ameleta ujumbe kwamba awekwe wakala, na babako atie dole gumba. Babako alikitupa kibweta cha wino ukutani. Ukitaka kuona rangi ya jibu lake, ukuta haujapakwa chokaa.

Ami yako,
Mwidani


Nairobi
27 Aprili 1987

Ami,

Basi.

Nimemwandikia Garama leo. Usimlaumu baba, wala usimwambie kwamba nimelia. Mwambie niko na kazi nyingi.

Mwanabibi


Timbwani
3 Mei 1987

Mwanangu, isome hii umekaa.

Jana alasiri, saumu ya tatu, koo kavu, nikasikia bakora mlangoni. Maalim Mwinyihaji mwenyewe, na barua yako kwa Garama mkononi. Kijana alikuwa ameiacha juu ya mto, ameondoka kwenda kazini bila kula daku.

Hakupiga hodi ndefu. Alikaa sakafuni mbele ya kiti cha babako. Na goti la Maalim lile, wajua linavyomsumbua.

"Boga," akasema, "mimi nilikukata neno."

"Naam," babako akasema.

"Nililikata kwa ajili ya dini. Na lilistahili kukatwa, leo ningelikata tena."

"Naam."

"Lakini nililikata kwa raha. Hilo ndilo lililonileta. Ukumbi wenu ulikuwa ukijaa hadi madirishani, na darasa langu la Alhamisi lilikuwa na watu tisa, wawili wamelala. Nilipokuona umefunga kinywa mbele ya watu, nilifurahi. Miaka tisa nimeswali na furaha hiyo kifuani."

Babako hakusema naam. Wala basi.

"Leo nimekuja kulirudisha. Lilikuwa mzaha, nikalizuia. Sasa ni kweli, ni lako. Ukitaka kulinena, linene. Ukitaka kumnyima mwanangu, mnyime, nami nitaondoka nikikuombea."

Mimi nilikuwa upande wa kulia, mwanangu. Nilijikalisha pale makusudi tangu bakora ilipogonga. Uso wa babako ulianza kutetemeka, nikadhani ni kilio. Haukuwa kilio. Ulipanda kushoto, na kulia ukafuata, taratibu, kama tanga linalokazwa. Kisha akauchukua mkono wake mfu kwa mkono mzima, akauweka juu ya mkono wa Maalim kama mtu atuaye mzigo.

Hapa sikutunga hata nukta.

Maalim alipangusa macho kwa kilemba, akawa Maalim tena. "Hapana wakala. Ataoza mwenyewe. Ana binti mmoja duniani. Akisema 'mwanangu', hakuna wa kuchanganya." Nikamwambia lakini hukwama kwenye "nime—". Akasema, "Tutamngoja." Nikamwambia, na asipomaliza? Akanitazama kama anavyowatazama wale wawili waliolala darasani. "Asipomaliza hakuna ndoa, Mwidani. Nusu ya neno si neno. Wala usimnong'onezee. Nitakutazama."

Mwandikie Garama tena. Kisha uje, inshallah, uje mapema.

Ami yako,
Mwidani


Nairobi
2 Julai 1987

Ami, shikamoo.

Nimerudi kazini, na Garama anafuata mwisho wa mwezi. Wenzangu wodini wanataka kuiona hina kila baada ya dakika tano. Tuliagana haraka pale kivukoni, watu wengi, na kuna jambo ambalo sikuweza kukuuliza mbele yao.

Kwanza nikiri langu. Watu wa Timbwani wanaulizana nani aliyepiga ngoma. Ni mimi.

Nilikuwa chumba cha ndani na wanawake, nimefunikwa kanga ya kichwani kama mzigo wa posta, pazia kati yetu na nyinyi. Nilimsikia baba: "Mbele ya Mola na mbele ya watu hawa, mimi baba yake, nime—". Safi kabisa. Kisha kimya. Nikahesabu hadi ishirini. Mtu akakohoa. Nikamsikia Maalim akisema, "Tumngojee." Shangazi Mwanatabu akaanza kunikanda bega, yaani pole.

Hapo nikaikumbuka barua yako: mara sita, hapo hapo, na hasira usoni. Baba hakuwa amekwama, ami. Alikuwa anasubiri. Reli yake ina stesheni pale, na garimoshi haliondoki bila ishara. Wewe ulimpa neno, naye neno alikuwa nalo. Alichokosa ni Kalama!

Ngoma ya Shangazi Mwanatabu ilikuwa mbele yangu, ya wanawake kuchezea vugo la harusi. Nikainyanyua kanga, nikaipiga ngoma mara moja tu, dum. Bi harusi kupiga ngoma kwenye ndoa yake mwenyewe! Shangazi bado hajanisemesha. Asema halijaonekana Likoni nzima, na anaomba lisifike Kisauni kwa wakwe.

Na baba akasema: "Nimekuoza."

Nililisikia. Lakini papo hapo wanawake wakapiga vigelegele, na chochote kilichofuata kikazama. Sasa kila nikilala nalifikiria swali moja. Baada ya ngoma, mara arobaini na moja, neno lile lilifuatwa na jina lako na sigara. Kama ni reli, basi ilipita njia yake ya siku zote, na mimi nimeozwa na mazoea. Tulikwisha kubaliana juu ya uso wake, najua, na Garama asema ndoa ni ndoa, niache. Lakini wewe ulikuwa pembeni yake. Alisema nini baadaye? Usinitungie, ami. Kama ni sigara, niambie sigara.

Mwanao,
Mwanabibi


Timbwani
12 Julai 1987

Mwanangu Mwanabibi,

Kwa hivyo ni wewe. Kalama ameapa kwa watu wote kwamba ni yeye, na amekwisha kula pilau mbili kwa uongo huo.

Miaka mingapi nilikaa na kitabu mkononi nikijua kila neno la babako, nisijue kwamba na kimya chake kina nafasi yake kitabuni. Nililiona neno, sikuiona ngoma. Ile nusu ya jarida niliyoikosa, labda ndimo ilimoandikwa.

Sasa swali lako. Nilikuwa nimepiga magoti upande wake wa kulia, nauinua mkono wake mfu ndani ya mkono wa Garama. Aliposema "nime—" nikaubana ulimi kwa meno, maana Maalim alikuwa akinitazama kama alivyoahidi. Ngoma ikalia. Babako akashtuka kidogo, kisha akatulia, nikaiona ile raha ya mtu aliyeletewa alichokuwa akikidai. "Nimekuoza." Sauti ya ukumbini, ya kufika viti vya nyuma. Vigelegele vikapasua nyumba.

Nami nikangoja jina langu. Naungama: nililingoja, na niliogopa, kwa kuwa ningeozwa mimi mbele ya mashahidi.

Hakunigeukia. Alikuwa akimtazama Garama machoni. Kinywa kikafunguka, kikafungwa. Mishipa ya shingo ikasimama. Kisha likatoka, na halikutoka kwa ile sauti nzuri. Lilitoka kwa sauti mbovu ya kuombea maji, herufi zinagongana kama vyombo kwenye gunia: "Mwa... mwanangu. Mwana... bi. Bibi." Jasho likamtiririka hadi kidevuni. Ndipo Garama akajibu kwamba amekubali, naye kijana sauti yake ilivunjika vibaya kuliko ya babako.

Kile kitabu cha mchezo nimekipekua mara mbili tangu barua yako ilipofika. Yule binti wa mchezoni huitwa Dhahabu. Jina lako halimo, jalada hadi jalada. Na wewe ndiwe uliyenifundisha: maneno ya reli hutoka safi. Hili lilitoka limevunjika. Alilipitisha njia mbovu, kwa miguu, kwa sababu huko ndiko ulikokuwa.

Najua sifa yangu, kwa hivyo usiniamini mimi. Mwulize Maalim. Huyo katika maisha yake amekata maneno ya watu mengi, lakini sijamjua kuongeza hata moja.

Sigara hakuomba. Nilikuwa nimeiweka moja mfukoni, kama kawaida yetu. Nimeivuta mwenyewe.

Ami yako,
Mwidani